Miaka Ishirini na Saba ya Soya ya Watu

Nimekula vumbi la kiwanda cha chakula cha mifugo miaka ishirini na saba hapa Moshi mjini, na ninyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za "fursa ya soya" mnaniudhi kwa jambo moja. Mnaamkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo bibi, mnakaa kwenye kochi langu na simu zenye picha za mashamba ya Brazili, mnakunywa chai yangu, halafu mnanieleza soya ni nini. Mimi nilikuwa naing'ata soya kabla wazazi wenu hawajajuana. Basi leo nyamazeni nyie, niseme mimi.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Chakula cha kuku ni mchanganyiko. Mahindi na pumba vinamshibisha, chokaa inampa ganda la yai, chumvi kidogo inamfanya anywe maji. Lakini kinachojenga mwili wake ni soya. Kuku wa mayai akikosa soya hutaga kwa kusuasua. Kuku wa nyama akiikosa anabaki mifupa na manyoya. Na hiyo soya, miaka yangu yote kiwandani, ilikuwa ya watu. Ilikuja kwa malori kutoka Zambia na Malawi, na mara nyingine kwa meli kutoka India. Haikuja kama mbegu nzima. Yalikuja mashudu, yaani yale makapi yanayobaki baada ya wenyewe kukamua mafuta yao.

Kwenye ramani nchi hii ni kubwa. Ukiitazama kutoka mlangoni mwa ghala letu ilikuwa nchi ndogo sana. Lori likichelewa wiki moja, akina mama wa Masama wanaanza kupiga simu. Likichelewa wiki mbili, meneja anaanza kuvaa tai, maana yake ana vikao. Kwenye vikao walikubaliana kila mara kwamba nchi inapaswa kulima soya yake. Lori likifika, tai inavuliwa, na hakuna aliyeikumbuka soya mpaka lori jingine lichelewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa mjini hapa hapa, amezaliwa Pasua, babu zake kila mmoja na kwao. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na ulimi. Alionja kila kitu kilichoingia ghalani. Dagaa wakija na mchanga, aliujua mchanga kwa meno kabla mizani haijausema. Pumba zikianza kuota ukungu, alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kwapa, akasikiliza joto la katikati, akasema rudisha. Madereva walimchukia. Mwezi wa kufunga hakuonja, alinituma mimi, kisha akaniuliza maswali kama hakimu. Na magunia ya chakula cha nguruwe hakuyagusa mwaka mzima. Alisema kwa hilo Mungu ameleta Walutheri.

Wiki yangu ya kwanza nilimwaga chumvi mara mbili kwenye mchanganyiko mmoja, kwa sababu nilikuwa napiga soga. Chakula kikaenda kwa mteja wa Mabogini. Akaja baada ya siku tatu akisema vifaranga vyake vinakunywa maji kama vimetoka safari ya jangwani, na banda limekuwa bwawa. Meneja aliniuliza kama ni mimi. Nikasema sijui. Mzee Ramadhani akamwambia meneja kwamba kosa ni lake yeye, kwa kuwa aliniacha peke yangu. Tulipotoka nje hakunifokea. Alisema neno moja tu.

"Ukikosea mimi nitakusitiri. Ukidanganya usinitafute."

Nililichukulia kama maneno ya wazee. Ninyi pia ndivyo mnavyoyachukulia, nawaona nyuso zenu.

Nilipokuwa na miaka sita kazini ukaja mradi. Sitawatajia jina lake, na hata nikilitaja halitawasaidia, kwa kuwa miradi yote ina fulana zinazofanana. Mkuu wake alikuwa kijana mnene mwenye miwani, sisi tulimwita Bwana Mradi. Alipita Hai yote, kutoka Bomang'ombe mpaka vijiji vya juu, akihubiri soya. Aliwaambia watu kahawa imechoka, soya ndiyo mkombozi, na kiwanda cha Moshi kitainunua yote. Alituletea karatasi, meneja akatia sahihi kwamba tutanunua. Mimi niliiona karatasi ile kwa macho yangu, nikaamini. Nilikuwa na cheo kipya cha kupima unyevu wa nafaka getini, na koti jeupe. Koti jeupe linaweza kumfanya mtu aamini chochote.

Dada yangu mkubwa, Ndeanasia, ameolewa Masama. Mume wake alikuwa Eliamini, mtu mkimya, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa na kihamba kule juu nyumbani, migomba na kahawa na ng'ombe wawili, na kule chini tambarare alikuwa na shamba la mahindi na maharage, kama watu wengi wa mlimani. Nilipanda mwenyewe kule mlimani Jumapili moja, nikala mtori kwake, nikamwambia shemeji, acha mahindi mwaka huu, panda soya, mimi niko getini. Aliniuliza tu kama karatasi nimeiona. Nikasema nimeiona.

Akapanda shamba lote la chini.

Mnaojua kilimo kwa picha, sikilizeni. Soya haipandwi tu ikaota. Udongo usioijua unataka mbegu ipakwe dawa fulani nyeusi yenye vijidudu vya kuisaidia mizizi, na dawa hiyo jua likiipata imekufa. Mradi uliigawa saa saba mchana, juu ya gari lililo wazi. Eliamini aliifunika yake kwa majani ya mgomba mabichi, akapanda alfajiri. Kwa hiyo soya ya majirani ilikuwa ya njano na yake ilikuwa ya kijani, na Bwana Mradi akaja na wageni wakapiga picha shambani kwake, wakasema ni matokeo ya mafunzo. Ikikauka nayo haisubiri. Ukichelewa siku chache, maganda yanapasuka yenyewe na mbegu zinaruka chini. Dada yangu na mumewe walivuna kwa mikono, wakapiga kwa fimbo juu ya turubai, wakapepeta. Ilikuwa soya nzuri. Punje za mviringo, rangi ya siagi, zote saizi moja.

Wiki ambayo Eliamini aliileta kiwandani, malori matatu ya mashudu yalikuwa yameingia kutoka nje, na ghala lilikuwa limejaa mpaka darini. Meneja aliniita ofisini asubuhi. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema watakuja watu na soya zao za mradi, hatuna pa kuziweka, na pia mbegu nzima hatuna mashine ya kuikamua. Nikamuuliza, na ile karatasi? Akasema karatasi inasema tutanunua soya kavu. Kisha akaniangalia.

"Wewe ndiye unayepima," akasema.

Sikuomba maelezo zaidi. Nilielewa, na huo ndio uovu wangu, kwamba nilielewa haraka.

Wakati ule tulipima unyevu kwa chupa na chumvi, na hata leo mnaweza kupima hivyo bila kununua kifaa. Unachukua chupa kavu kabisa, unatia nafaka kidogo na chumvi kavu kidogo, unafunga, unatikisa sana, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ina maji. Ikianguka yote chini, nafaka ni kavu. Hakuna siasa katika chupa hiyo.

Eliamini alifika kwa kibasi cha mizigo na magunia yake kumi na moja. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Nilifungua gunia, nikatia chupani, nikatikisa. Chumvi ikaanguka chini yote kama mchanga. Kioo kilikuwa safi, mngeweza kusoma gazeti kupitia kwacho. Nyuma yangu alisimama karani na daftari.

Nikasema ni mbichi. Rudisha.

Eliamini akachukua punje moja, akaing'ata. Ilipasuka kwa mlio mkavu, ule mlio ambao mtu yeyote aliyewahi kushika nafaka anaujua. Alinitazama, nami nikatazama daftari. Alipakia magunia yake mwenyewe, moja moja, na hakuna aliyemsaidia, hata mimi. Aliyarudisha kwake, akaanika siku nne juu ya turubai, ingawa alijua hakuna cha kuanika. Akayaleta tena. Nikayarudisha tena.

Mara ya pili Mzee Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Alikuja, akaokota punje iliyodondoka, akaitia mdomoni, akarudi ndani. Toka siku ile hadi alipostaafu alinifundisha kila kitu cha kazi, lakini hakunihadithia tena habari za nyumbani kwake.

Bwana Mradi alikwenda wapi? Mradi ulikuwa umekwisha. Alikuwa Dodoma, anaandika ripoti yenye picha za shamba la Eliamini.

Sasa sikilizeni ujinga uliofuata, maana mtu akidanganya mara moja, akili yake inaanza kuogopa kuuliza. Dada yangu alikuwa na kuku wa mayai themanini, wazuri, aliuza mayai mpaka kwenye hoteli za wapanda mlima. Alinipigia simu, akaniuliza kama soya iliyowarudia wanaweza kuisaga na kuwalisha kuku wao. Swali rahisi. Mzee Ramadhani alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Lakini ningemuuliza vipi, wakati angeniuliza ni soya ya nani? Mimi nilijua mashudu tu, na mashudu huja yameshapikwa huko yalikokamuliwa. Nikajibu kwa sauti ya mwenye koti jeupe.

"Soya ni soya, dada. Walishe."

Soya mbichi, yaani isiyopikwa, hata iwe kavu namna gani, ina kitu ndani yake kinachofunga tumbo la kuku lisisage chakula. Anakula sana, anakonda huku anakula. Kinyesi kinakuwa cha kunata. Mayai ya dada yangu yalipungua wiki ya kwanza, wiki ya tatu yakakoma. Alifikiri ni ugonjwa, akanunua dawa. Nilipopanda kuwaona, nilikuta kuku wamesimama kwenye pembe za banda wamevimba manyoya, vifua vyao vikali kama kisu ukivishika. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Dada yangu aliniuliza kuna nini. Nilisema sijui. Tena lile sijui.

Ilinibidi nimwendee Mzee Ramadhani. Nilimweleza habari za kuku tu. Hakuniangalia. Alichukua chupa ya jemu, akatia unga wa ile soya niliyokuja nayo, akatia mbolea ya yurea kiasi cha kijiko, ile ya kukuzia mahindi, akatia maji, akafunga. Tukakaa. Baada ya muda akafungua, akaniwekea puani. Harufu ya choo cha shule ikanipanda mpaka machozi yakatoka. Akasema soya mbichi ikikutana na yurea hunuka hivyo, na soya iliyoiva hainuki. Akaniambia ikaangwe mpaka ganda lipasuke na harufu ya maharage mabichi igeuke kuwa ya karanga. Ikiwa ya kahawia sana imeungua, umeshaua nguvu yake. Kisha akauliza ni miaka mingapi nipo pale. Nikasema sita. Akafunga kifuniko cha chupa, akaenda kuswali.

Nilimpelekea dada yangu maelezo, na kuku waliobaki walipona taratibu. Yeye hakunisemesha msimu mzima. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuku. Eliamini akang'oa masalia ya soya shambani, akarudi kwenye mahindi na maharage yake, na soya iliyobaki wakawapa ng'ombe kidogo kidogo.

Haya, rukeni miaka mingi mbele. Mzee Ramadhani alishastaafu, anakaa kwake Pasua. Mimi nikawa mkuu wa mchanganyiko. Tulikuwa na mashine mpya, meneja mwingine, na kipimo cha unyevu cha umeme chenye namba nyekundu. Soya? Ya watu, kama kawaida. Mwaka huo malori yalizuiwa mpakani. Karatasi fulani ilikosekana, nchi mbili zinanuniana, sisi hatukuelezwa. Wiki ya kwanza simu. Wiki ya pili tai. Wiki ya tatu ghala letu la mashudu likafagiliwa, na ndipo watu wenye shahada wakagundua kwamba Kilimanjaro ina wakulima.

Wakanituma mimi. Nilipanda Masama na gari la kiwanda kumwomba Eliamini kama ana soya, au anamjua mwenye nayo. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akamwambia dada yangu alete ndizi. Nikamwambia shida yetu. Nikamwambia safari hii ni kweli, tutanunua hata gunia moja. Aliendelea kukata majani mpaka akamaliza fungu.

"Shemeji," akasema, "mbegu niliipika tukala."

Hapakuwa na hasira sautini mwake. Ningefurahi kama ingekuwepo.

Kiwanda kikapata soya kutoka Songea, kwa mchuuzi. Kumbe kusini wanailima, na imekuwa ikilimwa huko miaka yote tuliyokuwa tunasubiri mpaka ufunguliwe. Ilikuja mbegu nzima, mbichi. Nikamwambia meneja inabidi ikaangwe. Akasema hatuna mashine ya kukaanga, na wateja wako getini wanasubiri, isagwe hivyo hivyo, ichanganywe kidogo kidogo, hakuna kuku atakayejua. Nilirudi ghalani, nikafanya ile ya chupa ya jemu na yurea, nikampelekea ofisini, nikaifungua mezani kwake. Alisukuma kiti nyuma.

"Kuku hawanusi, mama," akasema.

Nikamwambia mimi nimewaona. Nikamweleza habari za vifua vyao. Akasema mashine iwashwe, na kama mimi siwezi, atawasha mwingine. Akawasha mwingine. Yule mwingine alikuwa na koti jeupe pia.

Nawaambia ukweli, nilisimama uani nikitafuta sababu ya kunyamaza. Zilikuwepo nyingi. Nilikuwa na watoto wanasoma. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nje ya geti walikuwa wanawake kama hamsini, wengine wametoka Masama, wengine Mabogini, wamekaa juu ya magunia yao matupu tangu asubuhi. Niliwajua karibu wote kwa majina ya watoto wao. Nilitoka. Sikupanda juu ya kitu chochote wala sikuhutubia. Nilikwenda kwa wa mbele nikamwambia chakula cha leo kina soya mbichi, kitawakaushia kuku wako mayai, usinunue. Akaniuliza kama nina uhakika, maana kuku wake wana njaa. Nikamwambia awape mahindi na mashudu ya alizeti, watataga kidogo lakini watakuwa hai. Alimwambia wa nyuma yake. Ilipofika saa sita, geti lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimepewa barua ya kukaa nyumbani.

Nilikaa siku tisa. Magunia yaliyosagwa yalibaki ghalani, hakuna aliyekuja kuyachukua. Siku ya kumi meneja akatuma dereva. Walikuwa wamekata mapipa matano katikati, wameyaweka juu ya mawe uani, wanakaanga soya kwa moto wa magunzi ya mahindi, na wanaiunguza. Walitaka mtu anayejua imeiva lini. Nikarudi. Hakuna aliyesema samahani, nami sikusubiri. Nilimwomba dereva anipitishe Pasua, nikamchukua Mzee Ramadhani, na tukamweka kwenye kiti katikati ya mapipa na kanzu yake, akawa ananyoosha mkono, anapewa punje, anatafuna, anasema bado, bado, toa. Aliniuliza kwa nini niliwekwa nyumbani siku zote hizo. Nikamweleza. Akatafuna. Kisha akaanza kunihadithia habari za mjukuu wake aliyeolewa Tanga.

Kwa mwezi mmoja tulilisha kuku wa mkoa huu kwa soya ya nchi hii, iliyokaangwa kwenye mapipa ya mafuta machakavu, na ilifanya kazi. Mayai yalirudi. Halafu mpaka ukafunguliwa. Lori la kwanza lilipoingia, watu walipiga makofi, wallahi, walilipigia lori makofi. Mapipa yakatupwa nyuma ya choo, yakapata kutu. Niliandika barua kwa meneja kwamba tununue mashine ya kukaanga na tuwape wakulima neno la kweli. Ilikaa kwenye trei yake mpaka siku niliyostaafu. Niliiona, chini ya kalenda.

Mnataka kujua hali ikoje leo? Nendeni barabarani mhesabu malori wenyewe. Sasa kuna kongamano, kuna programu ya simu, kuna vijana wenye vitambulisho shingoni. Hakuna pipa hata moja.

Eliamini tulimzika mwaka jana kihambani kwake, chini ya migomba. Watu walijaa mpaka barabarani. Historia ya marehemu ikasomwa, kwaya ikaimba, kisha mtu mmoja mnene mwenye mvi na miwani akaomba neno. Nilimtambua kwa miwani. Bwana Mradi, amekuwa mshauri sasa, amekuja na gari na picha kubwa iliyowekwa fremu. Ilikuwa picha ya Eliamini amesimama katikati ya soya yake ya kijani. Akasema marehemu alikuwa shujaa wa soya katika wilaya hii. Akasema alionyesha njia, na kama wenzake wangekuwa na bidii kama yake na ubora kama wake, nchi isingekuwa inaagiza. Akasema tatizo la wakulima wetu lilikuwa kuleta mazao mabichi sokoni. Alilisema hilo juu ya jeneza.

Watu wakaitikia. Dada yangu alikuwa amekaa mbele na kitenge cheusi, hakuinua macho. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikasimama. Mchungaji alifikiri nataka kuimba.

"Soya yake ilikuwa kavu," nikasema. "Mara zote mbili. Niliyepima ni mimi. Nilisema mbichi kwa sababu niliambiwa niseme, na ghala lilikuwa limejaa ya watu."

Bwana Mradi akashusha picha yake. Nilikuwa bado nimesimama, sijui nasubiri nini, labda nifukuzwe. Dada yangu akageuka. Ana miaka sabini na sita, uso wake umekuwa kama wa mama yetu.

"Mwenyewe aliniambia siku ile ile ulipoirudisha, Anaeli," akasema taratibu. "Kaa chini. Watu wana njaa."

Nikakaa. Sahani zikaanza kupita.